Televisheni ndiyo inayokuja kuchota
Linux katika kompyuta kongwe: Sehemu ya pili

Kuna hitilafu moja inayowachanganya wenye kompyuta za Linux kuliko nyingine zote. Video ya YouTube inarushwa kutoka kwenye kompyuta mpakato hadi kwenye televisheni bila shida yoyote. Dakika moja baadaye filamu iliyomo ndani ya kompyuta ileile, ikirushwa kwenye televisheni ileile kupitia ruta ileile, haionekani. Jina la televisheni limetokea kwenye orodha, mwenye kompyuta amelibonyeza, kioo kimeonyesha nembo kwa sekunde chache, kisha kimya. Hapo watu hukata shauri haraka: mtandao ni mzima, maana YouTube imefika, basi mbovu ni Linux. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba hoja hiyo ina kasoro pande zote mbili, na kwamba asili yake ni dhana potofu tuliyo nayo kuhusu nani anampelekea nani picha.

Wiki iliyopita tuliishia pale ambapo kompyuta imekwisha kuwekewa Linux nyepesi, iwe Xubuntu, Lubuntu au Linux Mint yenye Xfce. Sababu tulizieleza: Microsoft ilihitimisha msaada wake kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, haipungui kizazi cha nane. Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad za mtumba, imara kama zilivyo, nyingi zilitengenezwa kabla ya hapo. Chang'ombe, katika Temeke, Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kuupimia mjadala wa leo. Pana DUCE, chuo kikuu kishiriki cha elimu kilichoanzishwa mwaka 2005 pale palipokuwa chuo cha ualimu. Pana chuo cha ufundi cha VETA. Na pembeni mwa taasisi hizo pana nyumba za kupanga ambamo mwanafunzi, fundi na mama mwenye watoto watatu wanaweza kugawana ruta moja ya mwenye nyumba. Kompyuta kongwe, televisheni ya bei nafuu ukutani, ruta ya watu wengi na bando lisilodumu: hayo manne yakikutana, kila udhaifu wa teknolojia hii hujitokeza hadharani.

Google walipotoa Chromecast mwezi Julai 2013, kwa bei ya dola 35, wengi waliielewa kuwa ni waya wa HDMI usioonekana: picha inatoka kwenye kompyuta, inapita hewani, inaingia kwenye televisheni. Sivyo inavyofanya kazi. Kompyuta huunganika na kipokezi, kiwe kile kijiti cha Chromecast au televisheni yenye uwezo huo ndani yake, kupitia mlango namba 8009, na kukipa ujumbe mfupi tu wenye anwani ya video. Kazi ya kompyuta kwa kiasi kikubwa imeishia hapo. Kipokezi chenyewe hufungua anwani ile na kuanza kuvuta picha, mithili ya mtu aliyeelekezwa kisima akaenda kuchota kwa ndoo yake mwenyewe. Video ikiwa ya YouTube, kisima kiko kwenye seva za Google, na kompyuta inabaki kuwa rimoti. Ikiwa ni filamu iliyomo kwenye diski yako, kisima kimehamia ndani ya kompyuta: programu ya VLC, ambayo ilipata uwezo huu katika toleo la 3.0 lililotoka Februari 2018, hujigeuza kuwa seva ndogo, hufungua mlango namba 8010, kisha huiambia televisheni ije ichukue.

Jambo hili msomaji anaweza kulithibitisha bila kuwa mtaalamu. Arushe video ya YouTube kwa kubonyeza alama ya kurusha iliyo ndani ya kioo cha video yenyewe, asubiri ianze kucheza, kisha aifunge kompyuta kabisa. Video itaendelea. Halafu arushe filamu kwa VLC na kuifunga kompyuta vilevile: picha itaendelea kwa muda mfupi kutokana na akiba ambayo televisheni imeshavuta, kisha itasimama. Ingekuwa kompyuta ndiyo inayosukuma picha katika hali zote mbili, zote zingesimama.

Kutokana na hayo, kufika kwa YouTube kunathibitisha njia mbili tu: kwamba kompyuta inaifikia televisheni, na kwamba televisheni inaifikia intaneti. Hakusemi lolote kuhusu njia ya tatu, ile ya televisheni kuifikia kompyuta. Filamu ya kwenye diski inategemea hiyo ya tatu, na ndiyo ambayo hakuna mtu anayeikagua, kwa sababu akilini mwake hakuna safari ya kuelekea huko. Ndiyo maana watu huhangaika kubadilisha programu, kusakinisha upya mfumo mzima, hata kununua ruta nyingine, ilhali swali lenyewe linajibika kwa dakika tano.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni ukuta wa ulinzi wa kompyuta yenyewe. Ubuntu na Linux Mint huja na ukuta uitwao ufw, ambao kwa kawaida haujawashwa. Hata hivyo, ushauri anaopewa karibu kila mgeni wa Linux siku ya kwanza ni auwashe, na ni ushauri mzuri. Ukishawashwa, kanuni yake ya msingi ni kuruhusu kila kinachotoka na kuzuia kila kinachoingia bila kualikwa. Sasa fuata mlolongo: ujumbe wa kompyuta kwenda kwenye televisheni unatoka, kwa hiyo unaruhusiwa, televisheni inakuja kubisha hodi mlango 8010, nayo inazuiwa. Kibaya zaidi, ufw haiijibu televisheni kwa neno la kukataa. Inanyamaza. Televisheni inangoja, inakata tamaa, na kioo kinarudi kwenye nembo. Dalili tuliyoanza nayo ndiyo hiyohiyo. Na ushahidi haukosekani, kwa kuwa ufw ikiwa imewashwa huandika kumbukumbu ya wageni iliowafukuza. Fungua terminali mara tu baada ya jaribio kushindikana, andika sudo journalctl -k | grep UFW, na ukiona mstari wenye maneno UFW BLOCK, namba ya televisheni baada ya SRC na 8010 baada ya DPT, huna haja ya kubahatisha tena. Televisheni ilikuja, ikafungiwa.

Tiba ni amri moja. Kama namba za mtandao wa nyumbani zinaanza na 192.168.1, andika sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 8010 proto tcp, na mlango utafunguka kwa vifaa vya mtandao huo peke yake. Wanaotumia catt, programu ndogo ya terminali inayopendwa na wenye mashine dhaifu kwa sababu haina madirisha wala mapambo, wafungue milango ya 45000 hadi 47000, maana hiyo huchagua mmojawapo kila mara. Wapo wanaoshauri kuuzima ukuta wote na kuusahau. Kwa jaribio la dakika moja sina ubishi. Kwa maisha ya kila siku katika nyumba ambayo wapangaji sita na wageni wao wako kwenye ruta moja, huo si ushauri wa kumpa mtu unayemtakia mema.

Ikiwa ukuta hauhusiki, bado njia ya tatu yaweza kuwa imezibwa kwingine, na kuna kipimo kinachotenganisha sababu vizuri kuliko vyote ninavyovijua. Simu ichukue nafasi ya televisheni. Ingia kwenye folda ya filamu kwa terminali, andika python3 -m http.server 8010, kisha kwenye kivinjari cha simu iliyo kwenye Wi-Fi ileile andika http:// ikifuatiwa na namba ya IP ya kompyuta, nukta pacha na 8010. Hakikisha VLC imefungwa kwanza, programu hizo mbili zisije zikagombea mlango. Simu ikionyesha orodha ya filamu, njia ni wazi na tatizo liko kwenye faili au kwenye televisheni. Isipoonyesha, zima ufw kwa muda na ujaribu tena: ikifunguka, mkosaji ni ukuta, ikigoma, mkosaji ni ruta. Kipimo hiki hakigharimu bando, hakihitaji kusakinisha kitu katika matoleo mengi ya Linux, na hakijali aina ya televisheni. Ukimaliza, kisimamishe kwa Ctrl na C, kwa kuwa muda wote kinapofanya kazi folda ile iko wazi kwa kila aliye kwenye mtandao.

Ruta hukosea kwa namna mbili, na zote ni za kawaida kwenye nyumba za kupanga na hosteli. Ya kwanza ni ya makusudi. Ruta nyingi zina mpangilio wa kuwatenga watumiaji, unaoruhusu kila kifaa kwenda intaneti huku ukikizuia kisionane na jirani yake. Mtandao wa wageni huwa na mpangilio huo tayari. Mwenye nyumba aliyewapa wapangaji mtandao wa wageni amefanya jambo la busara, maana kwenye mtandao ulio wazi mpangaji wa chumba cha mbele anaweza kurusha chochote kwenye televisheni ya chumba cha nyuma. Lakini busara hiyo inakata njia ya tatu pamoja na ya kwanza. Dawa ni kumwomba auzime mpangilio huo, au, kwa kuwa mara nyingi unahusu vifaa visivyo na waya tu, kuiunganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya wa mtandao. Namna ya pili haina nia ya mtu: ruta mbili zimepangwa moja nyuma ya nyingine, ile ya kampuni ya intaneti na ile aliyoongeza mpangaji ili apate nguvu chumbani, na kila moja inagawa namba zake. Kompyuta ina 192.168.0 na televisheni ina 192.168.1. Majina ya Wi-Fi yanaweza hata kufanana, lakini hizo ni nyumba mbili. Amri ya ip -4 addr kwenye kompyuta, na ukurasa wa mtandao kwenye mipangilio ya televisheni, vitaonyesha ukweli mara moja.

Mpaka sasa, ukiondoa makosa hayo ya ruta, nimeichukulia televisheni kuwa imeonekana kwenye orodha. Isipoonekana kabisa, tumerudi nyuma hatua moja, kwenye njia ya kwanza, nako kuna utaratibu wake. Vifaa hivi hutafutana kwa itifaki ya mDNS, iliyochapishwa rasmi Februari 2013 kama RFC 6762: kompyuta hupaza sauti kwenye anwani 224.0.0.251, mlango 5353, ikiuliza nani hapa anapokea, na kila kipokezi hujibu kwa jina na namba yake. Sauti hiyo haivuki ruta. Kwa makusudi iliwekewa mpaka wa mtandao mmoja. Tena, kwenye Wi-Fi, tangazo linaloelekezwa kwa wote hurushwa kwa kasi ya chini na bila kungoja hati ya kupokelewa, tofauti na mawasiliano ya kifaa kimoja kwa kimoja. Likipotea, limepotea. Katika eneo lenye msongamano wa ruta kama Temeke, ambako chaneli tatu zisizoingiliana za gigahezi 2.4, yaani 1, 6 na 11, hugombewa na mtaa mzima, kupotea kwa matangazo ni jambo la kutarajiwa. Hapo ndipo televisheni huonekana asubuhi na kupotea jioni watu wakisharudi kazini, na mwenye kompyuta akadhani ina mashetani.

Linux nyepesi inaongeza kasoro yake hapa, na haifai kuificha. Kazi ya kusikiliza matangazo hayo kwa mfumo mzima hufanywa na huduma iitwayo avahi, na baadhi ya matoleo yaliyopunguzwa sana uzito huja bila hiyo. Sakinisha kifurushi cha avahi-utils, kisha andika avahi-browse -rt _googlecast._tcp. Jina na namba ya televisheni vikitokea hapo lakini visitokee kwenye kivinjari, tatizo ni la kivinjari: Firefox ya kompyuta haina uwezo wa kurusha kwa Chromecast hata kidogo, na Chromium iliyosakinishwa kama snap huishi ndani ya uzio ambao waweza kuinyima ruhusa ya kuisikiliza avahi. Visipotokea popote, angalia kama VPN imewashwa, kwa maana VPN nyingi huichukua safari yote ya mtandao na kuipeleka mbali, ikiwemo ile iliyokuwa ya chumba cha pili. Kompyuta mpakato pia hupenda kuilaza kadi ya Wi-Fi ili kubana betri, na kadi iliyolala yaweza kukosa matangazo. Amri ya sudo iw dev wlan0 set power_save off, ukiweka jina la kadi yako mahali pa wlan0, huiamsha hadi kompyuta itakapozimwa.

Tuchukulie njia zote tatu ni wazi. Televisheni imekuja, imechota, na bado haionyeshi, au inaonyesha kwa kukwamakwama. Sasa lawama inahamia kwenye faili. Filamu ambazo watu wa Dar es Salaam hununua kwa kupakiwa kwenye flashi, zikiwemo zile zilizowekewa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, zimebanwa kwa mbinu tofauti, na siku hizi nyingi zina alama ya x265 au HEVC kwenye jina kwa sababu mbinu hiyo hupunguza ukubwa wa faili. Chromecast ya kwanza na ya pili haziielewi HEVC, zinajua H.264 na VP8. VLC ikigundua hivyo hujaribu kusaidia kwa kuibadili filamu papo hapo huku ikiituma, na hapo ndipo kompyuta kongwe inapoumbuka: prosesa yenye viini viwili inapanda hadi mwisho, feni inalia, picha inakwama. Mtu asiyejua kinachoendelea atailaumu Wi-Fi. Afungue htop atazame prosesa. Wi-Fi dhaifu haiwezi kuifikisha asilimia mia.

Kwa mashine ya aina hii uamuzi wangu ni kwamba kubadilisha papo hapo ni kosa, na faili inapaswa kutayarishwa mapema. Amri ya ffprobe huonyesha kilichomo. Mara nyingi picha huwa ni H.264 safi na kinachokataliwa ni sauti peke yake, hasa ya AC3 au DTS. Hapo ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -c:a aac filamu.mp4 huigeuza sauti na kuiacha picha ilivyo, kazi ambayo hata kompyuta dhaifu huimaliza upesi. Picha yenyewe ikiwa HEVC, weka libx264 mahali pa copy, uache kompyuta ifanye kazi usiku kucha, tena uombe umeme usikatike.

Pingamizi la haki linaweza kutolewa hapa. Kurusha kioo chote, au kurasa za Chrome, si kuchota: kompyuta kweli inapiga picha ya kioo chake, inaibana na kuisukuma kwenye televisheni. Ni kweli, na upekee huo unaeleza kwa nini njia hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa kompyuta kongwe ingawa ndiyo ambayo wengi huanza nayo. Mwanafunzi anayerusha kioo ili aonyeshe filamu anaifanya kompyuta ifungue filamu, ichore kioo, ikibane upya na kukituma, makumi ya mara kwa sekunde, kazi ambayo televisheni ingeweza kuifanya yenyewe kama ingepewa anwani tu. Hata vifaa vipya havina kinga: Raspberry Pi 5, kompyuta ndogo ambayo ina kasi kuliko watangulizi wake wote, iliondolewa kifaa cha ndani cha kubana video, kwa hiyo kazi hiyo huangukia prosesa. Kurusha kioo kunafaa kwa slaidi za somo, ambazo hazisogei sana. Na ikiwa mfumo wako unatumia Wayland badala ya X11, kama ilivyo Raspberry Pi OS tangu 2023, unahitaji pia PipeWire na huduma ya xdg-desktop-portal, la sivyo televisheni itapokea weusi mtupu.

Lipo jambo la saa, ambalo hudharauliwa. Tarehe 9 Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili na Chromecast Audio ziliacha kupokea duniani kote, zikidaiwa kuwa vifaa visivyoaminika, na hazikuwa na hitilafu yoyote mwilini. Cheti cha kidijitali kilichotumika kuzitambulisha, chenye umri wa miaka kumi, kilikuwa kimefikia tamati, na Google ikalazimika kutoa sasisho. Tukio lile lilifichua kwamba anayerusha hukagua kwanza cheti cha anayepokea, na hukikagua kwa kutazama kalenda yake mwenyewe. Sasa fikiria kompyuta ya mtumba ambayo betri yake ndogo ya CR2032 imekufa, au Raspberry Pi ya kabla ya toleo la 5, isiyo na saa ya ndani kabisa. Umeme ukikatika na kurudi, inaamka ikiwa na tarehe ya zamani, na itairekebisha tu ikiifikia intaneti. Bando likiwa limeisha, haiifikii. Chrome inaona vyeti halali kuwa batili, inakataa, na maneno ya kosa hayataji saa popote. Andika timedatectl kabla ya kugusa kitu kingine. Betri yenyewe hubadilishwa na fundi yeyote.

Wanaoitetea Windows watasema: pale niliposhika vitufe vya Windows na K, televisheni ilikubali mara ya kwanza. Sikatai, ila njia hiyo ni Miracast, ambayo Windows imekuwa nayo tangu toleo la 8.1 la mwaka 2013, na Miracast kwa kawaida haipiti kwenye ruta. Kompyuta na televisheni huunganika zenyewe kwa zenyewe na kompyuta husukuma picha. Aliyelinganisha hiyo na VLC ya Linux amelinganisha mambo mawili yasiyofanana. Ulinganisho wa haki ni VLC kwa VLC, na hapo tofauti iliyopo ni ya adabu: Windows humuuliza mtumiaji, programu inapofungua mlango kwa mara ya kwanza, kama aruhusu, ufw haiulizi. Hiyo ni kasoro ya kweli ya Linux na wasanidi wake wanastahili kulaumiwa kwayo. Haiponyeki kwa kuhama mfumo, bali kwa amri moja tuliyokwisha kuiandika. Wala Linux si mgeni wa kufukuzwa nchini kwa kosa la kwanza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Waya wa HDMI je? Ni jibu zuri kuliko wapenzi wa teknolojia wanavyokubali. Kama kompyuta inakaa mezani chini ya televisheni, nunua waya na usisome zaidi. Lakini kompyuta nyingi za umri huu zina tundu la VGA tu au DisplayPort, televisheni iko ukutani, na mwenye kompyuta anataka kuendelea kuandika kazi yake ya chuo wakati watoto wanatazama katuni. Kwa mtu huyo pingamizi zito si waya, ni bando. Chromecast, hata ikiletewa filamu iliyo chumba kimoja nayo, hupakia kwanza ukurasa wake wa kupokelea kutoka kwa Google. Bila intaneti haianzi. Nyumba ambayo bando huisha tarehe ishirini haifai kuitegemea.

Ndiyo maana kwa nyumba hizo napendekeza mbinu ya zamani zaidi, DLNA, iliyoasisiwa na kampuni za vifaa vya umeme mwaka 2003. Muungano wenyewe ulivunjwa 2017, lakini televisheni nyingi bado zina uwezo huo, zikiwemo zile za bei nafuu zenye Android isiyo na cheti cha Google, ambazo jina lao halitaonekana kamwe kwenye orodha ya Chrome. Katika DLNA dhana ya kuchota iko wazi tangu mwanzo: mtazamaji hushika rimoti, hufungua programu ya video ya televisheni, huiona kompyuta kama folda, na kuchagua. Kwenye Linux sakinisha minidlna, andika njia ya folda ya filamu kwenye mstari wa media_dir ndani ya /etc/minidlna.conf, fungua mlango 8200 wa tcp na 1900 wa udp kwenye ufw, kisha iwashe upya huduma hiyo. Haihitaji intaneti, na kwa kuwa haibadilishi faili kamwe, kompyuta ya miaka kumi na mitano huihudumia televisheni bila feni kusikika. Kutobadilisha huko kuna gharama yake: filamu ambayo televisheni haiielewi itakataliwa, na hakuna mpangilio wa minidlna utakaolitatua hilo. Faili za namna hiyo zipitishwe kwanza kwenye ffmpeg. Miracast, pamoja na sababu ya kadi nyingi za Wi-Fi kuigomea kwenye Linux, tutaijadili wiki ijayo.